Twende kilioni: kwa nini wanawake hatukubaliani kuhusu kujipamba

Kuna msuko unaitwa twende kilioni. Ni mistari minene, sita au saba, inayotoka kwenye paji la uso na kunyooka hadi kisogoni, bila rasta, bila shanga. Msusi mwenye mkono mwepesi anaumaliza chai ikiwa bado ya moto. Jina linajieleza lenyewe: taarifa ya msiba imeingia, basi linaondoka saa nane, nywele zimefumuka, na huwezi kwenda kulia huku watu wanakutazama kichwa. Kaa hapo chini, tukufunge chapchap, twende kilioni.

Nimekaa nikilifikiria jina hilo kwa sababu linaficha jambo. Msibani hapapambiwi. Hata hivyo, hata msibani kuna kiwango ambacho mwanamke akishuka chini yake anaonekana mchafu. Dada yangu kiwango chake ni hiyo mistari sita. Rafiki yangu wa kazini, bila kope za kubandika hatoki hata kwenda dukani kununua vocha. Mama wa Kimasai aliyelelewa kijijini anajua kwamba kichwa cha mwanamke nadhifu ni kile kilichonyolewa kikapakwa mafuta kikang'aa, na nywele ndefu za kusukwa ni za morani. Ndiyo maana hapa Dar es Salaam vijana wa Kimasai ni wasusi hodari: wanatusuka sisi kwa ufundi ambao kwao ulikuwa wa vichwa vya wanaume.

Ukisikiliza ugomvi wa wanawake kuhusu saluni, utaona unazunguka maneno mawili, usafi na urembo. Ninachofanya mimi ni usafi. Unachofanya wewe zaidi yangu ni urembo, na labda ni majivuno. Usichofanya wewe ambacho mimi nafanya ni uchafu. Kila mmoja ana mpaka wake na anaamini mpaka huo uliwekwa na Mungu au na akili ya kawaida. Lugha yenyewe imejaa ushahidi. Hakuna anayesema "nakwenda kujikwatua" ila kwa mzaha. Anayejikwatua ni yule mwingine. Na aliyeacha kujipamba baada ya kuolewa tunasema "kajisahau", kana kwamba nafsi yake ilikuwa kwenye kucha.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani. Alikuwa akitucheka sisi watu wa saluni. "Mimi sijawahi kujipamba," alikuwa akisema, na kusema kweli alikuwa akiamini. Alisema hayo macho yake yakiwa na wanja, kikuba cha asumini kikiwa kimechomekwa kifuani, na gauni lake limetundikwa juu ya tenga, chetezo kinafuka udi chini yake. Ijumaa alisinga mwili kwa singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia ngozi. Liwa alijipaka usoni joto likizidi. Kwake yote hayo yalikuwa kujiweka, kama mtu anavyofagia uwanja. Kujipamba kulikuwa ni ile rangi ya midomo ya shangazi zetu wa mjini.

Ukimfuata bibi kwa makini unakuta mpaka wake una mantiki ambayo mtu wa nje haioni. Kwa Mwislamu wa pwani, kuondoa nywele za kwapa na za kinena na kukata kucha ni sehemu ya dini, na mafundisho yanataka jambo hilo lisicheleweshwe kupita siku 40. Msichana alikuwa akifundishwa na somo wake, yaani kungwi, kabla ya ndoa, kwa siri na kwa ukali. Kwa hiyo huduma ambayo spa ya Masaki, mtaa wa wenye pesa hapa Dar es Salaam, inaiandika kwenye orodha ya anasa, kwa mwanamke wa Tanga ni wajibu ambao hata haujadiliwi. Mwambie kwamba kuna wanawake kwingine duniani wanaoziacha nywele za kwapa zikue kama msimamo wa kudai uhuru wao, atakuuliza uhuru huo una uhusiano gani na kwapa.

Halafu kuna kucha. Hina inaruhusiwa, rangi ya chupa ina matatizo. Sababu ni udhu: maji ya kutawadha lazima yafike kwenye ukucha, na rangi ya chupa inakaa juu yake kama plastiki. Hina haifuniki kitu. Jani la mhina lina kemikali inayoingia na kushikana na keratini, ile protini inayounda ngozi ya juu, kucha na nywele, kwa hiyo kinachobaki baada ya kuibandua ni rangi tu. Inatoka ya machungwa, kesho yake inakolea, na baada ya wiki mbili au tatu inafifia kwa sababu ngozi yenyewe imejimenya. Matokeo yake ni kwamba wanawake wengi wa Kiislamu wanaopenda rangi ya chupa huipaka wakiwa kwenye siku zao, wakati hawaswali, na kuifuta wanapokaribia kuoga. Mtaa mzima unajua hesabu hiyo. Ukipaka kucha nyekundu katikati ya Ramadhani umetangaza kalenda yako kwa majirani.

Makanisani mpaka uko kwingine. Wasabato wengi na baadhi ya walokole hawavai hereni, na yako makanisa ambayo mwanamke akiingia na wivingi atasemwa. Ila hapohapo blauzi iwe imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono isimame, na viatu ving'ae. Kunadhifika kumeruhusiwa, hata kumeamriwa. Tatizo ni kuongeza kisicho chako. Nimesali na akina mama hao. Wanazijali sura zao sawa na sisi wengine, sema muda wao wanautumia kwenye pasi.

Msichana wa Kitanzania ana hatua nyingine tena inayoeleza mengi. Katika shule nyingi za serikali anasoma akiwa amenyolewa. Miaka minne ya sekondari kichwa kiko wazi, asubuhi anakimwagia maji na kuondoka. Novemba anamaliza mtihani wa Kidato cha Nne na nywele zinaanza kuota. Kufika Machi zinatosha kushikwa, na mwenyewe hazijui. Hajui kuzichana bila kulia, hajui zinahitaji mafuta gani. Wenzangu wengi tuliingia saluni kwa mara ya kwanza namna hiyo, tukiwa wageni wa vichwa vyetu, na tukapewa jibu moja: weka dawa, ile ya kunyoosha nywele. Siku ile msusi aliniuliza swali ambalo sikulielewa: "Umejikuna?" Kumbe ukijikuna siku ya kuweka dawa, kila mkwaruzo wa ukucha utaungua. Akanizungushia mafuta mazito pembeni mwa uso na nyuma ya masikio, akavaa glavu. Yeye alivaa glavu, mimi niliwekewa kichwani. Hilo nililitafakari miaka baadaye.

Dawa yenyewe inafanya kazi hivi. Unywele unashikiliwa umbo lake na viungo vya salfa ndani ya protini. Dawa kali, nyingi zikiwa na sodiamu haidroksaidi, yaani ile magadi kali inayotengenezea sabuni na kuzibua mabomba, inavivunja viungo hivyo, nywele zinalegea na kunyooka. Haziwezi kurudi. Kinachoota baadaye ni kipya na kimejikunja, kwa hiyo kila baada ya wiki nane au kumi unarudi "kugusia" mizizi. Neno mazoea hapa lina maana halisi: ukishaanza, kuacha kunahitaji ujasiri wa kukata zote au wa kutembea miezi na nywele za aina mbili kichwani.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanaposemana zaidi. Mimi nasuka kila wiki tatu. Msusi wangu anachukua shilingi 25,000, rasta pakiti nne ni 12,000. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo nasuka mara 17, jumla 629,000. Kila mara nakaa saa tano, ambazo kwa mwaka ni saa 85. Dada yangu mwingine amenyoa. Anakwenda kwa kinyozi kila wiki mbili, 3,000, dakika 20: kwa mwaka 78,000 na kama saa tisa tu. Ukiishia hapo mimi ni mfujaji na yeye ndiye mwenye akili, na amenitajia hivyo mbele ya mume wangu.

Lakini kuna mtu wa tatu, naye ni jirani yetu mwenye nywele za asili, ndefu, zisizosukwa wala kuwekwa dawa. Huyu ndiye watu humsifu kwamba hana makuu, yuko alivyo. Huyo "yuko alivyo" kila usiku nywele zake anazigawa, anazilowesha, anazipaka, anazifunga mafundo na kulala na kitambaa cha satini. Tuseme nusu saa kwa siku, na naipunguza. Kwa mwaka ni saa 182, zaidi ya mara mbili ya zangu. Mimi asubuhi naamka nimeshamaliza. Wanawake wengi wanaosuka, hasa wenye watoto wadogo na daladala ya saa kumi na moja alfajiri, wanasuka ili wasishughulike na nywele. Anayewaona wamejaa saluni Jumamosi anadhani wanahangaikia uzuri, kumbe wananunua asubuhi ishirini za utulivu.

Kazi nayo inachora mpaka. Benki, hoteli na kampuni za ndege zinataka dada wa mapokezi awe na sura ya mtu aliyelala kwa muda wa saa nane, hata kama hela ya kuitengeneza sura hiyo haimo kwenye mshahara. Muuguzi anatakiwa kinyume. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unasema mhudumu anayegusa wagonjwa asiwe na kucha za bandia, kwa sababu zinatunza vijidudu ambavyo kunawa hakuviondoi. Ninaye rafiki muuguzi. Akipata likizo anabandika kucha siku ya kwanza, ndefu, zenye vito, na jioni ya mwisho anakaa na bakuli la asetoni anazing'oa moja moja. Ukimkuta wiki ile utasema ni mtu wa urembo, ukimkuta wodini utasema hajali. Ni yuleyule.

Na kuna dada wa kazi za ndani. Hili silisikii likisemwa kwa sauti. Wako akina mama wenye nyumba wasiotaka dada asuke rasta, apake rangi ya mdomo, wala avae gauni linalomkaa. Sababu inayotolewa ni usafi, nywele zitaangukia kwenye chakula. Mama mwenyewe ana wivingi hadi kiunoni na anapika pilau Jumapili. Kinacholindwa pale si pilau.

Pwani yetu inalijua jambo hilo tangu zamani. Zanzibar ya utumwa, mwili wa mtumwa ulikuwa na mipaka yake ya mavazi: kutembea bila viatu na kutofunika kichwa mbele ya mabwana vilikuwa alama za hali yake. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa hawakusubiri kuhubiriwa usawa. Walinunua kanga za rangi, baadaye buibui, wakajifunika na kujitia manukato kama waungwana. Wengine waliona ni kujikweza. Kwao ilikuwa njia ya kusema kwamba hakuna tena wa kuwaamulia waonekaneje. Ninapomsikia mtu akimcheka mama muuza mihogo kwa kubandika kope, huwa nakumbuka kanga hizo.

Serikali nayo haijakaa mbali. Septemba 2018, bungeni Dodoma, Spika Job Ndugai aliwapiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini na kope na kucha za bandia; hoja iliyotajwa ilikuwa afya. Mwaka uliofuata, bajeti ya Juni 2019 ilileta ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Nilikuwa saluni siku zile na nakumbuka mazungumzo yalivyogawanyika. Mmoja alisema ni sawa, tumezidi. Mwingine akauliza mbona kodi ya kuonekana mtu inalipwa na wanawake peke yao. Msusi hakusema chochote. Alikuwa anahesabu pakiti zilizobaki kwenye kabati, za bei ya zamani.

Kwenye afya nakubali kuna ukweli, ila ukweli huo haugawanyiki sawasawa, na kuuchanganya na maadili ndiko kunakotufanya tusisikilizane. Yapo mambo ambayo ni ladha tu, na yapo ambayo ni sumu.

Mkorogo ni sumu. Krimu za kuchubua zilizochanganywa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi zinazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na gharama yake ni ngozi inayokonda, madoa yasiyofutika, na kwa zebaki, figo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini vikopo visivyo na lebo bado vinauzwa. Hapa siwezi kujifanya mpole kwamba kila mtu na mpaka wake. Hata hivyo sijawahi kuona mtu aliyeacha mkorogo kwa kutukanwa, na walioanza wengi walianza kwa sababu waliambiwa kwa miaka mingi, na watu wanaowapenda, kwamba mwenzao mweupe ndiye mzuri.

Piko nayo ina jambo. Wengi wanadhani ni hina nyeusi. Mhina hautoi rangi nyeusi. Ule weusi unaotokea ndani ya nusu saa unatokana na unga wa kupaka nywele, wenye kemikali iitwayo PPD. Kichwani inatumika kwa kipimo na kuoshwa. Mkononi inakaa, na kwa wengine inatoa malengelenge yanayofuata mchoro, ua kwa ua. Mbaya zaidi, mwili ukishaikataa mara moja hukumbuka, na miaka kumi baadaye ukiweka rangi ya nywele uso unavimba. Kabla ya kukaa chini ya mchoraji, muulize tu ndani ya koni yake kuna nini. Wachoraji wazuri hawakasiriki.

Kuhusu dawa ya nywele, mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiowahi kutumia dawa za kunyoosha, waliokadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 walikuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja, asilimia 4.05. Soma namba hizo kwa utulivu. Hazisemi dawa ndiyo iliyosababisha, zinaonyesha mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na hata kwa watumiaji wakubwa, zaidi ya wanawake 95 katika 100 hawakuipata. Lakini mtu anayeweka dawa kila wiki nane ana haki ya kuzijua.

Na misuko, ambayo tunaiona haina hatia, inaweza kung'oa nywele za pembeni kabisa ikikazwa mno. Dalili ya kwanza ni vipele vidogo kwenye mstari wa mbele na kichwa kinachouma usiku. Ukilegeza mapema zinarudi. Ukiendelea miaka, mizizi inakufa. Tumelelewa kuambiwa vumilia, uzuri unauma. Msusi anayejua kazi akisikia unalalamika analegeza, hakuambii uvumilie.

Shangazi yangu wa Tanga ndiye alikuwa mtu wa kujiweka kupita wote kwenye ukoo wetu. Kucha, hina, wanja, nyusi zilizotindwa, udi kila jioni. Mume wake alipofariki alikaa eda, miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila hina, bila wanja. Tulimhurumia. Tulidhani adhabu kubwa kwake itakuwa hiyo. Nilipokwenda kumtazama mwezi wa pili nilimkuta amekaa kwenye mkeka, uso mtupu, nyusi zimeota zilivyotaka, anachambua mchele. Nikamwambia pole kwa yote, na hata kwa kukaa bila kujiweka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la siri.

"Mwanangu, nimelia sana mwaka huu," alisema. "Lakini kwa hilo nimepumzika."

Siku alipotoka eda mawifi walikuja na kila kitu: hina imeshakorogwa, udi, asumini, gauni jipya. Wakamkalisha katikati, wakamfunua kanga. Alinyoosha miguu, akaificha mikono chini ya mapaja.

"Pakeni miguu tu," aliwaambia. "Mikono niacheni, nina unga wa kukanda."